Fimbo za gofu zinazosamehe: miezi minane na Ping G410 za mtumba hapa Malindi

Nianze na vidole. Miezi minne ya kwanza ya kujifunza gofu nlikua narudi nyumbani viganja vinawaka moto, kesho yake alfajiri kukanda unga wa mahamri ni mtihani, na nlidhani ndio mchezo wenyewe ulivyo, kwamba kila anayeanza lazima aumie mpaka mkono uzoee. Kumbe haikua mkono, ilikua fimbo. Kwa hivyo leo nataka niwaeleze wale wanaoanza, hasa sisi wa huku pwani ambao hatuna duka la gofu kila kona, jinsi nlivyofika kwenye hizi fimbo za kampuni ya Ping, aina ya G410, na nnavyoziona baada ya miezi minane ya kuzitumia, mazuri yake na pale ambapo hazikunisaidia.

Seti yangu ya kwanza nlirithi kwa ami yangu, Mungu amrehemu. Jina la kampuni naliacha. Zilikua zile aironi (fimbo za kichwa cha chuma zenye namba, namba ndogo ndio ndefu) nyembamba kama kisu cha samaki, chuma kitupu nyuma hakuna shimo wala nakshi, shafti, yaani mipini, za chuma nzito, na wallahi ukizitazama ni nzuri kuliko hizi nnazopiga sasa. Ami alicheza miaka mingi kwa hizo, na mimi kwa mapenzi nkaona nitaanza nazo. Tatizo la fimbo ya aina hiyo ni kwamba katikati ya uso wake kuna mahali padogo sana, hata sarafu ya shilingi 20 inapafunika, ukipapata pale mpira unaruka mpaka unajisikia malkia, ukikosa kwa upana wa ukucha basi mpira unaanguka mbele ya macho yako na mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja kedi, sote tunamwita Babu, amebeba mifuko ya watu tangu mimi sijazaliwa. Jioni moja baada ya asri alinitazama napiga kama mipira 15 hivi akasema "mwanangu, weka hiyo chini kidogo, nikuulize, mpira wako mzuri ulikua upi?" Nkamwonyesha. Akauliza "na mbaya kuliko yote?" Nkamwonyesha ule ulioishia kwenye nyasi hatua 50 tu. Akasema "bas, fimbo usiipime kwa huo mzuri, ipime kwa huo mbaya, maana huo mbaya ndio utakaopiga mara nyingi." Kila nnachoandika hapa chini kimetoka kwenye hayo maneno ya Babu.

Tukafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kufanya bila mashine. Chukua ile kalamu ya ubao mweupe ya shuleni, piga doa nene kwenye mpira, weka mpira doa likitazama fimbo, kisha piga. Doa linabaki kwenye uso wa fimbo na unaona kabisa umegusa wapi, kisha unafuta kwa kidole unapiga tena. Mimi kati ya mipira 20 ya aironi namba 7 nligusa katikati mara tatu. Tatu tu! Mengine yote yalikua upande wa kidole cha fimbo (ncha ya kichwa, mbali na shafti) au chini kabisa karibu na soli (upande wa chini wa kichwa). Sasa mtu anayegusa katikati mara tatu kwa ishirini ana biashara gani na fimbo inayotaka ugonge pale pale tu?

Kwa nini nyengine zinasamehe, yaani ukikosa katikati mpira bado unakwenda, na nyengine hazisamehi, nlielezwa mara nyingi kwa maneno ya kifundi sikuelewa mpaka nlipofikiria mtumbwi na ngalawa. Mtumbwi mtupu ukiegemea upande mmoja unapinduka, uzito wake wote uko katikati. Ngalawa ni ule ule mti uliochongwa lakini ina matengo, zile mbao zinazotoka nje kila upande, na kwa sababu kuna kitu kinachoishikilia mbali na katikati wimbi haliipindui kirahisi. Aironi inayosamehe ni ngalawa. Mgongo wake umechimbwa, kile chuma kilichotolewa katikati kimepelekwa pembeni, kwenye kisigino (upande wa shafti), kwenye kidole na chini kwenye soli, kwa hivyo ukigonga pembeni kichwa hakizunguki sana mkononi, uso unabaki unatazama kule ulikokusudia na mpira haupotezi nguvu zote.

Aliyelifanyia kazi sana wazo hili ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen kule Norway mwaka 1911, akakulia Marekani, alikua fundi viatu kabla ya kuwa injinia wa General Electric. Alianza na pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, mwaka 1959, akaweka uzito kwenye kisigino na kidole cha kichwa, ikawa ikigonga mpira inalia "ping", na jina la kampuni likatoka hapo. Mwaka 1982 zikaja aironi za Ping Eye 2 ambazo mpaka leo utazikuta kwenye mifuko ya wazee. Nafurahi kila nkikumbuka ni fundi viatu, maanake hata lugha ya hizi fimbo ni ya kiatu kitupu, soli, kisigino, kidole.

Sasa hizi G410. Zilitoka 2019 kwa hivyo si mpya, na hilo ndilo jambo zuri, bei imeshuka. Malindi tuna bahati moja ambayo watu hawaioni: kuna wageni wengi wamestaafu hapa, Wataliano hasa, wengine wanarudi kwao, wengine mgongo umekataa, na mifuko yao inauzwa. Yangu nliipata kwa mzee mmoja wa Kitaliano anayekaa upande wa Casuarina, aironi 5 mpaka 9 na pitching weji (fimbo ya mipira ya karibu), sita jumla, kwa shilingi 48,000. Alitaka 60,000, tukakunywa kahawa, tukazungumza, akashuka. Najua hiyo ni hela nyingi, mimi ni mhasibu wa hoteli na msimu ukiwa mbaya tunajua wenyewe hali, lakini nlikua nimeshahesabu: kule nyuma nlikua nimeona seti mpya kwenye mtandao kwa 22,000 yenye mfuko na kila kitu, rafiki yangu akaagiza ya aina hiyo, kichwa cha namba 8 kikang'oka wiki ya tatu. Mtumba mzuri ni bora kuliko mpya mbovu, hapo sina shaka.

Kabla ya kutoa pesa nlikagua hivi. Ping huchonga namba ya usajili kwenye shingo ya fimbo, nkahakikisha ni namba moja kwenye zote sita, maana seti ya kuokoteza itakua na namba tofauti na umbali wako hautapangika, na fimbo bandia za majina makubwa zipo nyingi. Kisha kuna kinukta cha rangi hapo hapo karibu na shingo. Kinaonyesha pembe kati ya shafti na ardhi: nyeusi ndio ya kawaida, bluu kichwa kimesimama zaidi, nyekundu kimelala zaidi. Mimi ni mrefu, futi 5 na inchi 8, kwa hivyo nlihofia kinukta cheusi kitakua kimelala sana kwangu. Babu akabandika karatasi yenye gundi kwenye soli, akaniweka nipige juu ya ubao, tukatazama alama imekaa wapi. Ilikua katikati, kidogo tu kuelekea kidole. Akasema inatosha. Ingekua imekwenda sana kidole, mipira ingekua inakwenda kulia, ingekua kisigino ingekua inavuta kushoto, kwa sie tunaopiga kwa mkono wa kulia. Dakika kumi tu hiyo kazi, usiiruke.

Na shafti. Hapa ndipo nataka kina dada wanisikilize. Ukiingia dukani wewe ni mwanamke utapewa ya kike moja kwa moja, fupi na laini sana, hata hujaulizwa urefu wako wala kasi yako. Na mwanaume kijana atapewa ngumu hata kama anapiga polepole, kwa sababu ya fahari tu. Shafti haijui wewe ni nani, inajua unaizungusha kwa kasi gani. Hizi zangu ni grafaiti za Alta CB zenye herufi SR, yaani laini kidogo kuliko ya kawaida, yule mzee wa Kitaliano alizichagua kwa umri wake na mimi zikanifaa kwa kasi yangu. Shafti nyingi za grafaiti za aironi ziko kati ya gramu 50 na 80, zile za chuma nzito za kina ami zinaweza kufika gramu 130. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa mara 80 au 100 unazoinua fimbo kwa siku, kwenye jua la Malindi la mwezi wa pili, utaelewa kwa nini nlikua nachoka kwenye shimo la sita. Na ule mtetemo wa vidole umepungua mno, hilo peke yake lingenitosha.

Tukarudia jaribio la Babu, namba 7 zote mbili, mipira 20 kila moja, siku moja, upepo mmoja, nkihesabu kwa hatua zangu. Mipira mizuri: fimbo za ami hatua 125, G410 hatua 133. Si tofauti kubwa, na hata hiyo ndogo ina sababu nitakayoieleza. Lakini mipira mibaya! Za ami mibaya ilianguka kuanzia hatua 50 mpaka 80, mengine imepinda kulia mpaka kwenye vichaka. Za G410 mibaya ilianguka hatua 100, 105, mmoja tu ulikua 85, na mingi ilikua bado kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi ya kwendea shimoni. Mimi sikubadilika kitu, doa la kalamu lilionyesha bado nagonga pembeni vile vile, kilichobadilika ni adhabu. Nlikaa chini kwenye nyasi nkatazama ile mipira ilivyotawanyika, rundo moja dogo na jengine limesambaa kama dagaa walioanikwa, na hapo nkajua nimepoteza miezi minne.

Kitu chengine, shingo ya hizi fimbo imevutwa mbele kidogo kuliko uso, uso unachelewa nyuma ya shafti. Hiyo inampa anayeanza muda kidogo wa kuufunga uso, yaani kuurudisha utazame mbele, kabla ya kugonga, na kwa sababu wengi wetu ugonjwa wetu ni mpira kupinda kulia, inasaidia. Haiponyi, inapunguza. Kuna watu hawapendi kuitazama kutoka juu, wanasema fimbo imekaa kama imevunjika, mimi baada ya wiki moja sikuiona tena.

Soli pana nayo ina mambo mawili, na hapa lazima niseme yote. Ardhi yetu ni ya mchanga. Baada ya mvua za masika nyasi zimeshiba na chini kuna ulaini, soli pana inateleza badala ya kuchimba, hata ukigonga nyuma ya mpira kidogo bado mpira unakwenda. Raha tupu. Lakini mwezi wa pili, wa tatu, kaskazi imekausha kila kitu na ardhi imekua kama sakafu, soli pana inaweza kudunda ikagonga mpira tumboni, ukatoka chini chini kama sungura. Hilo si la aina hii tu, ni la kila fimbo yenye soli pana, dawa yake nlifundishwa ni kuweka mpira nusu inchi nyuma zaidi na kuegemea mguu wa mbele.

Upepo je? Mtu wa Nairobi hatanielewa. Kusi ikivuma kuanzia mwezi wa nne huko kuna mashimo unapiga huku buibui la upepo limekufunika uso, na fimbo zinazosamehe kwa kawaida zinainua mpira juu, ndio kazi yake, uzito uko chini. Nlihofia mpira utapanda urudi. Ukweli ni kwamba kwa kasi yangu haupandi hivyo, na siku za upepo nachukua namba 6 napiga taratibu badala ya 7 kwa nguvu. Nlikwenda uwanja wa Vipingo Ridge mara moja na wenzangu wa kazini, pale ambapo yamewahi kufanyika mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open, upepo ule ule wa bahari, na namba 6 ilinibeba mchana mzima.

Sasa yale ambayo hayakunifaa. La kwanza ni namba 5. Sijawahi kuipiga vizuri mara mbili mfululizo, na Babu aliniambia siku ya kwanza kabisa nisihangaike. Aironi ndefu inataka kasi ili mpira upande, kama kasi huna hakuna muundo utakaokusaidia. Nliiweka kabatini, nkanunua haibridi mbili za mtumba, fimbo zilizo kati ya aironi na zile za masafa marefu ziitwazo mbao, kichwa kimenona kama cha mbao ndogo, mpira unapanda wenyewe. Wanawake wengi wanaocheza kwa kulipwa wanabeba haibridi, kwa hivyo sioni kwa nini mtu anayeanza aone aibu. Ukipata seti inayoanzia namba 6, na bei ni ndogo, chukua hiyo. Sheria inasema usizidi fimbo 14, hakuna sheria inayosema usipungukiwe, mimi natembea na tisa.

La pili ni lile nililosema nitaeleza. Hizi fimbo za kisasa uso wake umesimama zaidi kuliko wa zamani. Namba 7 ya G410 uso umelala digrii 30, za kina ami namba 7 zilikua digrii 34, 35 hivi. Kwa hivyo mtu akikwambia namba 7 yangu mpya inakwenda mbali kuliko ya zamani, muulize digrii kwanza, pengine ni kama anapiga namba 6 iliyoandikwa 7. Si udanganyifu, uzito ukiwa chini mpira unapanda hata uso ukisimama, lakini matokeo yake yanakuja huku mwisho wa seti. Pitching weji ya G410 ni digrii 44 na nusu. Mimi sandi weji yangu, ile ya kutolea mpira mchangani, ni digrii 56. Hesabu hapo katikati, digrii 11 na nusu hakuna kitu! Mpira wa hatua 80 kwangu ni pengo, nikipiga pitching nimezidisha, nikipiga sandi sifiki. Ping walitengeneza weji ya kuziba hapo, imeandikwa UW, lakini mzee wangu hakua nayo. Kwa hivyo ukinunua seti yoyote ya kisasa uliza weji zote zipo mpaka wapi, uiweke kwenye bei tangu mwanzo.

Chumvi pia. Hapa chuma hakidumu, baiskeli, mabati, hata makufuli yanaliwa. Fimbo za ami zilizokua zimefuliwa kwa chuma laini, ile chromu ikishachubuka kutu inaingia mara moja, na mbili zilikua na madoa. G410 ni chuma kisichoshika kutu kirahisi, kilichoyeyushwa kikamwagwa kwenye kalibu, na zimepakwa chromu inayomwaga maji, miezi minane sijaona doa. Lakini silitegemei hilo. Nkirudi nazipitisha maji ya bomba, nazikausha kwa kitambaa, zinalala ndani chumbani. Ule mpira wa mpini, wa kushikia fimbo, ndio unaokwisha haraka, jasho na jua vinaukausha unateleza, nlibadilisha zote sita mwezi wa pili wa kuzinunua na ilikua kama kupata fimbo mpya. Kati ya hapo nazisugua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, brashi ya kufulia, bas.

Nani asinunue hizi? Mtu anayegonga katikati mara 12 au 15 kwa 20, anayetaka kuupinda mpira kwa makusudi kushoto na kulia, yule atataka fimbo inayomwambia kila kitu. Na mtu ambaye hajui kama ataupenda mchezo, huyo aazime kwanza, namba 7 moja na pata yatosha mwezi mzima. Lakini wewe ambaye umeshaingia, unakwenda kila wiki, na unarudi nyumbani umevunjika moyo, tafadhali fanya lile jaribio la kalamu kabla hujaamua huna kipaji. Mimi nlikua nimebakisha kidogo sana kuacha.

Za ami nimezisafisha, nimezipaka mafuta, ziko ukutani sebuleni na picha yake juu. Namba 5 ya G410 siiuzi peke yake maana seti itapoteza thamani. Kinachonisumbua sasa ni ile UW tu, kama kuna mtu Malindi, Watamu, Kilifi au hata Mombasa anayo ya G410, mkono wa kulia, kinukta cheusi, shafti ya grafaiti, na haitumii, aniambie bei, nitakuja mwenyewe kuitazama na kalamu yangu mkononi.